Itongo Haliombwi

Siku ya kuniaga mlinipa jiko la gesi, mashuka mawili na hotuba ndefu. Jiko linafanya kazi vizuri. Hotuba ilisema nimetumika kwa weledi na uadilifu, maneno ambayo nimeyasikia yakisemwa hata juu ya gari la ofisi linalopelekwa mnadani. Wakati wa chakula mmoja wenu, kijana mpya wa kitengo cha barabara, aliniuliza kama nina jambo moja la kuwaachia. Nilikuwa na pilau mdomoni, sikujibu. Najibu sasa, ingawa jambo lenyewe ni refu kidogo kuliko alivyotaka.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Jina langu Kabula, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa mvua zikinyesha. Kwa fundi sanifu wa ujenzi hilo ni jina la balaa. Kila barabara ilipokatika wenzangu waliniambia nizirudishe mvua zangu nyumbani, Nkoma, kwenye pamba ya baba. Baadaye wakanipa jina la pili, Mama Kalavati, na hilo ndilo limebaki. Nyumbani kwangu hapa Bariadi hata muuza mkaa analijua.

Nilianza kazi wakati Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga na mkoa huu wa Simiyu haujazaliwa. Siku ya kwanza nilifika ofisini na viatu vya kufunga na cheti kwenye bahasha. Msimamizi wa vibarua alikuwa Mzee Luhende, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kukuangalia miguu kabla ya uso. Akaviangalia viatu vyangu, akanikabidhi koleo, tukapanda lori. Mchana nilikuwa ndani ya kalavati, nimepiga magoti kwenye tope, natoa mabua ya mahindi, kandambili moja na mzoga wa mbuzi ambaye hakuwa amekufa siku hiyo. Mzee Luhende alichuchumaa mdomoni mwa kalavati akaniambia kwamba bomba hujulikana kwa ndani, kwa nje yote yanafanana. Nilimchukia hadi jioni. Halafu akanigawia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kutoka kwenye mfuko wake, nikamwambia wabeja, asante ya Kisukuma, nikamsamehe.

Kwa mzee huyo nilijifunza mambo mawili ambayo chuo hakikunipa. La kwanza ni kuuliza kabla ya kupima. Ukitaka kujua mto unafika wapi, waulize wanawake wanakovukia wakienda kuchota maji, na wakati wa mvua wanahamia wapi. La pili ni mpira wa maji. Ninyi mna vyombo vinavyoongea na setilaiti, navyo ni vizuri betri ikiwepo. Sisi tulikuwa na mpira mwembamba unaopitisha mwanga, umejazwa maji. Mtu mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, na maji yanakaa kimo kimoja pande zote mbili hata kama kati yenu kuna kichaka, ukuta au ugomvi. Angalizo ni moja tu: kiputo cha hewa kikiingia, mpira unakudanganya kwa uso mkavu, kama mkandarasi.

Miaka ile mvua ilikuwa na adabu. Ilikuja mwisho wa mwaka, ikapumzika watu wapalilie, ikarudi, ikaaga. Makalavati madogo yalitosha. Kisha mambo yakaanza kubadilika, si kwa siku moja. Kiangazi kikawa kirefu, malambo yakakauka mpaka ng'ombe wakawa wanalamba tope, halafu mvua yote ya mwezi ikashuka alasiri moja. Neno tabianchi lilitufikia baadaye, kwenye semina, pamoja na kalamu na soda. Mto ulikuwa umeshatuambia zamani. Makalavati tuliyokuwa tukijivunia yakawa yanaelea pembeni mwa barabara. Tukaanza kuweka mapana zaidi, na mahali pengine tukaacha kabisa kushindana na maji, tukajenga drifti, yaani zege pana lililolala chini, mto ukija upite juu yake na ukiondoka watu wapite. Injinia mmoja aliona ni aibu kujenga kitu kinachopangiwa kuzama. Alipata msimu mmoja wa kufikiri, akabadilika.

Upepo nao ulikuja na yake. Kuna shule moja, njia ya kwenda Zagayu, ilipoteza paa la madarasa mawili adhuhuri ya Jumapili, kwa bahati watoto wakiwa makwao. Tulipopanda tulikuta kenchi, fremu za mbao za paa, zimekaa juu ya ukuta kama mgeni aliyeketi ukingoni mwa kiti, hazikufungwa na kitu. Tangu hapo sikupitisha paa bila mikanda ya chuma iliyotoka ndani ya renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ikazunguka mbao na kurudi. Bati moja tulilipata kwenye shamba la pamba, mbali. Mwenye shamba alikuwa ameshaezekea banda la kuku na akasema limeletwa na Mungu. Mwalimu mkuu alijibu kwamba Mungu aliliazima tu. Likarudi baada ya maneno mengi, tena na kuku wawili wa shukrani kutoka kwa mwenye shamba, kwa hiyo sijui nani alishinda.

Sasa nije kwenye hilo jambo lenyewe.

Nilihamishiwa upande wa Meatu. Kulikuwa na kijiji, si mbali na Kimali, ambacho jina lake naliacha kwa sababu wenyewe hawakuniruhusu wala kunikataza. Mto unakitenga na barabara kubwa. Kiangazi ni mchanga mtupu, masika unajaa na kufunga njia, na ukifunga hakuna anayetoka. Mkwe wa mzee mmoja wa pale, Mzee Maduhu, yaani mke wa mwanawe Masanja, alishikwa na uchungu wakati mto umefunga. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakafika ukingoni, wakangoja maji yapungue. Alijifungulia palepale kwenye mkokoteni. Mama alipona, mtoto hakupona. Mzee Maduhu alikuwa ameshika kamba za ng'ombe muda wote.

Baada ya msiba huo alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema wanajenga zahanati, na akachaguliwa mwenyekiti wa kamati. Mnajua utaratibu wetu: wananchi wanainua boma, yaani kuta mpaka kwenye renta, serikali inamalizia kuezeka na mengineyo. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kazi, alipiga filimbi alfajiri, na kila kaya ikabeba mawe, mchanga na maji. Kuta zilisimama wima, zimepigwa timazi vizuri. Nimeona majengo ya mjini yenye kuta mbaya kuliko zile.

Kasoro ilikuwa ardhi. Likiombwa eneo la umma, kijiji hutoa lile ambalo hakuna anayelilima, na ardhi isiyolimwa huwa na sababu. Eneo lile lilikuwa mbuga tupu. Msiofahamu Kisukuma cha mashamba mtafikiria swala na pundamilia. Kwetu mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka hadi ndama anavunjika mguu. Nilitumwa kukagua boma ili liezekwe. Nikakuta nyufa zinazoingiza kiganja, na ndani ya chumba kilichokusudiwa kujifungulia mstari wa tope ukutani, usawa wa kiuno changu, ulioachwa na mvua ya msimu uliopita.

Mzee Maduhu alinipokea kwa heshima zote. Mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, habari za safari, watoto hawajambo. Nilimwambia ukweli bila kuupaka sukari: kwa mvua za zamani boma lingeweza kuvumilia, kwa mvua za sasa litaua watu. Hakupandisha sauti. Alizunguka kuta zote akizigusa kwa kiganja, akarudi.

"Mayu," aliniambia, "mawe haya wengine wamebeba wakiwa na mimba. Nikawaambie nini?"

Nikamuuliza kama kijiji hakina pahali pa juu. Wajumbe wa kamati waliokuwa wamesimama nasi wote wakaangalia chini. Mmoja akaanza kuzungumzia bei ya majembe.

Mahali pa juu palikuwepo, palionekana na kila mwenye macho. Kaskazini mwa boma kulikuwa na mwinuko wa luseni, udongo wa kichanga unaonywa maji na usiopasuka, na juu yake mstari mzee wa minyaa, miti ya kupanda ua, umepinda mduara. Kwetu minyaa haijipandi yenyewe kwa mduara. Lile lilikuwa itongo, mahali palipokuwa na mji wa watu, wakahama. Wazee wetu walijua kuchagua pa kujenga. Serikali ilipowakusanya watu vijijini, wengi waliteremshwa huko chini kwenye mbuga, karibu na njia, na matongo yakabaki juu na makaburi yake.

Na hapa lazima niwaeleze wale mliotoka mikoa mingine. Itongo haliombwi. Ni mahali walipolala baba na mama wa mtu, naye anategemea kulala hapo. Mwenye nalo akitaka atatoa mwenyewe. Asipotaka, wewe ongea habari za mvua. Mimi ni mtoto wa Nkoma, nimelelewa hivyo, na nilielewa kwa nini wajumbe wanaangalia chini: mwenye itongo alikuwemo kati yetu, na kwa adabu yao kijiji kizima kilikuwa kimepita pembeni ya mwinuko ule na kwenda kujenga kwenye maji.

Ningeweza kuandika ripoti kwamba boma lisiezekwe na kuondoka. Ingekuwa ripoti sahihi, na wanawake wangeendelea kungoja mto ukingoni. Usiku huo nililala vibaya. Asubuhi nikatoa mpira wa maji kwenye gari.

Nilisema nataka kujua ile alama ya tope ingefika wapi kama maji yangeendelea kupanda. Nikaomba mtu wa kushika ncha ya pili. Vijana walikuwepo tele, lakini Mzee Maduhu alisema kamati ni yake na atashika yeye. Nashukuru alisema, maana nilikuwa nimeshamnyooshea. Tukaanza ukutani, kwenye tope. Mpira hauna urefu wa kufika mbali, kwa hiyo tulipima kwa vituo: yeye anatangulia, anasimama, anasoma, mimi nampita, nasimama, nasoma. Upande wa mashariki ardhi ilikuwa chini ya alama. Magharibi vilevile. Uliobaki ni kaskazini. Alitangulia yeye. Kituo baada ya kituo mchanga ukawa mweupe zaidi chini ya viatu, na watu waliokuwa wanatufuata wakawa wanabaki nyuma, mmoja mmoja, hadi tukawa wawili tu. Kituo cha mwisho kilimkuta amesimama ndani ya mduara wa minyaa. Nikajumlisha, nikamwambia kwamba alama ya tope iko chini ya nyayo zake kwa zaidi ya urefu wake mwenyewe.

Aliuzungusha uso akiutazama mduara wote wa minyaa, ameshika mpira.

"Umenileta huku makusudi," akasema.

"Mpira ndio umetuleta, baba."

"Mpira ulikuwa mkononi mwako." Kisha akanionyesha kwa kidevu. Pale palikuwa nyumba ya mama yake, alipozaliwa yeye. Pale zizi. Baba yake alizikwa pale kabla ya kuhama, na mama walimrudisha kumlaza ubavuni mwa mumewe. "Watu wote hawa wanapajua. Hakuna aliyewahi kuniambia neno."

Nikamuuliza wangemwambiaje. Akasema kweli, wangemwambiaje. Akanirudishia ncha ya mpira, akaenda zake nyumbani bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Nilirudi ofisini nikiwa na hakika nimeharibu. Siku zikapita, nikawa naogopa simu. Hatimaye Masanja akanipigia kuniambia ukoo umekaa na mzee ametoa itongo. Walifanya mambo yao kabla hatujapima. Katekista alisali, shangazi mkubwa akamwaga pombe ya mtama kwenye makaburi, na hakuna aliyemzuia mwenzake. Boma la chini walilibomoa wenyewe. Nilidhani kutakuwa na manung'uniko, na yalikuwepo, lakini wanawake walewale waliobeba mawe kwenda chini waliyabeba kwenda juu, wakiimba wimbo ambao sehemu kubwa ulikuwa unanitukana mimi. Kalavati inaingia kwenye wimbo wa Kisukuma vizuri kuliko nilivyofikiria.

Siku ya kuweka mipaka niliyaacha makaburi nje ya eneo la zahanati, na ubavuni mwa makaburi hayo nikaacha nafasi ya mengine. Hakuna aliyeniambia niiache. Mzee Maduhu alikuja nyuma yangu, akakiangalia kigingi.

"Hapo umemwachia nani?"

"Nimeacha tu, baba."

"Ile nyumba ya wajawazito uliyosema, itakaa wapi?"

Nilikuwa nimeieleza kamati kwamba zahanati peke yake haitoshi. Mto ukikaribia kufunga, wanawake wa ng'ambo waje mapema wangoje salama, na kwa hiyo wajengewe pa kulala. Ramani ilionyesha nyumba hiyo imebanwa pembeni, vyumba vidogo. Nikamwambia itabanana lakini itatosha. Akainama, akang'oa kigingi kwa mikono yake, akahesabu hatua kurudi kwenye kaburi la baba yake, akakigongomea pale kwa jiwe. Nafasi yote ikaingia ndani. Akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba tuwahi kurekebisha ramani kabla jua halijawa kali.

Tulijenga. Mkitaka kujua kiufundi, nendeni mkaione: jamvi la zege la sakafu limenyanyuliwa, paa lina mikanda, madirisha makubwa hayatazami magharibi, dari ina pa kutokea joto, maji ya paa yanakwenda kwenye matangi mawili. Mtoni tuliweka drifti yenye nguzo za alama, ili mtu ajue kina kabla ya kuingia. Haizuii mto kufunga. Inafupisha muda tu, na ninawaomba msimdanganye mwananchi kwamba inafanya zaidi ya hapo.

Mvua za mwaka wangu wa mwisho kazini mnazikumbuka, maana ninyi ndio mlilala kwenye magari. Kule kijijini maji yalijaa mbuga yote na kufunika pale lilipokuwa boma la zamani. Zahanati ilikuwa kavu. Nyumba ya wajawazito ilijaa, wengine wakalala barazani, na mke wa Masanja, aliyepoteza mtoto kwenye mkokoteni, alijifungua humo msichana. Muuguzi alinitumia picha. Nilikuwa nafungasha vitu vyangu mezani, nikafurahi sana.

Wiki hiyohiyo Mzee Maduhu akafariki, kwa uzee na kifua. Mto ulikuwa umefunga, sikuweza kwenda. Masanja alinipigia mchana. Sauti yake ilikuwa imekauka. Walikuwa wamechimba kaburi nyumbani kwa mzee, chini kwenye mbuga, nalo linajaa maji. Wanayachota kwa ndoo, yanarudi.

"Mayu, wewe ni mtu wa maji. Tufanyeje?"

Nikamuuliza kama hawakufikiria kumpandisha juu, kwa wazazi wake. Akasema walifikiria, lakini mzee aliwakataza akiwa bado anaongea, na tena huko juu kumejaa kina mama.

Basi nikafanya kazi, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Nilimuuliza kama kuna kichuguu kwenye mji wao. Kipo, nyuma ya zizi. Nikamwambia lile shimo walifukie, wachimbe kwenye kichuguu. Upande maji yanakotoka wakate mfereji uliopinda, uyapitishe pembeni. Chini watandaze kokoto, kuta wazijengee mawe. Alikuwa anayarudia maneno yangu kwa sauti, na nyuma yake nilisikia watu wakianza kutumwa huku na huku.

"Na udongo wa kufukia," nikasema, "msitumie huo mweusi. Kiangazi utapasuka. Chukueni mikokoteni mkalete luseni."

"Luseni ya wapi?"

"Ya juu. Pale kwenye minyaa."

Nilisikia ndoo zikigongana, na mtu akiuliza mama kasemaje. Masanja akamjibu kwa Kisukuma kwamba mama kasema mzee afunikwe kwa udongo wa kwao. Sikuwa nimesema hivyo. Nilikuwa nimesema habari za nyufa. Sikumsahihisha.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na haimo kwenye ripoti yoyote. Jioni simu ililia tena nikiwa bado ofisini, sijawasha taa, nimelia mpaka kichwa kinauma. Masanja hakunisalimia hata.

"Tumemlaza pakavu, mayu," akasema. "Wabeja."